Carina si adui: abiria wa sita ndiye anayelipa barieri

MWESO, Masisi – Gari dogo likianguka kwenye kona, au breki zikikataa kwenye mteremko, neno la kwanza linalosikika kwenye parkingi huwa ni lile lile: magari haya ya zamani yaondolewe barabarani. Wanasema hivyo wazee wanaongojea mizigo, wanasema hivyo wamotari, na hata abiria aliyeshuka muda mfupi uliopita na kulipa nauli yake. Na gari linalotajwa kwanza ni Toyota Carina, lile ambalo watu wengi wa Goma, Bukavu hadi Bujumbura wanaliita Ti.

Hasira hiyo inaeleweka. Mtu aliyezika ndugu yake hataki kusikia habari za injini nzuri. Lakini kabla ya kulifukuza gari, inafaa kujua ni gari gani, limetoka wapi, kwa nini bado linatembea, na ni kitu gani hasa kinachoua ndani yake. Ukifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, unakuta kwamba umri wa Carina ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ni watu wanane au tisa ndani ya gari la watu watano, barabara isiyotengenezwa, na barieri zinazomfanya shoferi aamini kwamba bila abiria wa sita hawezi kurudi nyumbani na kitu mfukoni.

Jambo hili linagusa moja kwa moja familia zilizokimbia vita. Huku Mweso Carina hufika kwa nadra, tena wakati wa kiangazi. Wengi wanapanda pikipiki, jeep au Fuso juu ya mizigo. Lakini tangu mapigano yalipofika Kitshanga mnamo Januari 2023, na baadaye hali ilipobadilika Sake na Goma mwanzoni mwa 2025, familia nyingi za Bashali na za Walikale zimehama, zimerudi, na zimehama tena. Upande wa Sake na Goma, gari lililobeba godoro, sufuria, bibi na watoto wanne mara nyingi lilikuwa gari dogo kama hili. Anayetaka lipigwe marufuku aseme pia familia hizo zitapanda nini.

GARI LILILOZALIWA 1970

Carina ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1970. Ilitoka pamoja na ndugu yake Celica, gari la vijana lenye milango miwili, na chini ya bodi zilifanana kwa mengi. Celica ilikuwa ya kujionyesha. Carina ilikuwa ya baba wa familia anayekwenda kazini asubuhi na kupeleka watoto kwa babu yao siku ya mapumziko. Jina lake ni la kundi moja la nyota za upande wa kusini, na maana yake ni mkuku, ule mti wa chini unaoshikilia jahazi zima. Kwa gari la kubeba familia, jina hilo halikukosea.

Carina za kwanza zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1984 kilitoka kizazi kipya kilichovutwa na magurudumu ya mbele, na tangu hapo ndani pakawa na nafasi zaidi, kwa sababu hakuna tena mhimili mrefu unaopita katikati ya sakafu. Mwaka 1988 kikaja kizazi kingine, ambacho Ulaya kiliitwa Carina II. Mwaka 1992 kikaja kile kilichouzwa Ulaya kwa jina la Carina E. Toyota ilipofungua kiwanda chake cha Burnaston, Uingereza, gari la kwanza kutoka pale, Desemba 1992, lilikuwa Carina E. Nyingi kati ya Carina zenye usukani kushoto zilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya.

Kizazi cha mwisho kilianza 1996, na humo ndimo imo Ti inayojulikana sana katika nchi zetu. Ni gari lenye urefu wa karibu mita 4 na nusu, na upana wa milimita 1,695. Upana huo haukuchaguliwa ovyo. Sheria ya Japani inaweka magari yasiyopita milimita 1,700 katika kundi la magari madogo, na mwenye gari kubwa kuliko hapo anaingia kundi jingine. Kwa hiyo wahandisi waliacha milimita 5 tu. Kwa msafiri wa Sake maana yake ni hii: kiti cha nyuma kilipimwa kwa watu watatu wa kawaida, na hapakubaki nafasi ya mtu wa nne.

Mwaka 2001 Toyota iliacha kutengeneza Carina. Gari lililochukua nafasi yake, Allion, nalo likasimamishwa mwaka 2021. Kule Ulaya, Carina E ilikuwa imekwisha kupisha Avensis tangu 1997. Kwa hiyo Carina changa kuliko zote zinazotembea Goma leo tayari ina zaidi ya miaka 20. Kijana anayeiendesha huenda amezaliwa baada yake.

KWA NINI HAIFI

Watu hupenda kusema kwamba magari ya Wajapani wa zamani yalikuwa na dawa. Hakuna dawa. Kuna sababu tatu, na zote zinaeleweka.

Ya kwanza ni jinsi yanavyofika huku. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Ukaguzi huo na matengenezo yake hugharimu pesa nyingi, na gari likizeeka gharama huongezeka. Mwenye gari anaona heri aliuze kuliko kulilipia tena. Gari hilo bado ni zima, limetembea kwenye lami, na limebadilishiwa mafuta kwa wakati. Linapanda meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, kisha linapanda barabara kuja kwenye Maziwa Makuu. Majirani wameweka mipaka: Kenya haipokei gari lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu 2018 haipokei lenye zaidi ya miaka 15. Carina zilizopo sasa ziliingia zamani, na zimebaki.

Sababu ya pili ni injini. Nyingi zina injini za petroli za lita 1.5, 1.6 au 1.8, zile ambazo mafundi wanazijua kwa alama za 5A, 4A na 7A. Injini hizo hazikuwekwa kwenye Carina peke yake. Ziliwekwa pia kwenye Corolla, Sprinter na Corona za miaka hiyo. Ndiyo maana gari lenyewe limekufa kiwandani lakini vipuri vyake havijafa. Fundi akikosa pampu ya maji ya Carina, anatafuta ya Corolla. Akikosa mpya, anachomoa kwenye gari lililolala nyuma ya garaji.

Injini hizo zina tabia nyingine ambayo mafundi wanaipenda. Ndani yake kuna mkanda wa mpira unaozungusha vali kwa wakati wake. Katika magari mengine mkanda huo ukikatika, pistoni zinagonga vali na injini inaharibika vibaya. Katika 5A, 4A na 7A, mkanda ukikatika injini inazimika tu. Fundi anaweka mkanda mwingine, anapanga alama zake, na gari linawaka. Kwa mtu aliyekwama mbali na mji, tofauti hiyo ni tofauti ya nusu siku na ya miezi ya deni.

Sababu ya tatu haikutoka Japani. Ni mikono ya watu wa hapa. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkeno. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na barabara nyingi za mitaani bado ni mawe makali yanayokula mipira na kupasua mabomba ya chini. Hakuna mhandisi wa Japani aliyechora Carina kwa ajili ya mawe hayo. Anayeiweka hai ni fundi anayeshona bomba la moshi kwa solda, anayekata mpira wa lori kutengeneza kizuizi cha mtikisiko, na anayeinua resori ili gari lisiguse chini. Fundi huyo anastahili heshima. Lakini pia hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu fundi huyo huyo huambiwa na mwenye gari aweke kinachopatikana, hata kwenye breki.

PALE LINAPOKOSEA

Carina haina uwezo wa kila kitu, na anayeitetea bila kusema hivyo anadanganya.

Kwanza, iko chini. Kati ya tumbo lake na barabara iliyo sawa kuna nafasi isiyofika shubiri moja, tena likiwa halina mzigo. Ukijaza watu na magunia, nafasi hiyo inapungua. Sehemu ya kwanza kugonga jiwe ni chombo cha mafuta ya injini. Mafuta yakimwagika bila shoferi kuona, injini inakwama baada ya muda mfupi. Barabara ya Sake kwenda Kilolirwe, Kitshanga na Mweso wakati wa mvua si mahali pake, na shoferi anayeahidi kufika kwa sababu tu amelipwa mbele anauza maneno.

Pili, nyingi zina usukani kulia, na Kongo magari yanapita upande wa kulia. Shoferi anakaa karibu na mtaro, na gari kubwa likiwa mbele yake haoni kinachokuja. Ili apite, lazima atoe nusu ya gari kwanza, au amuulize abiria wa mbele kama njia ni wazi. Abiria huyo anageuka kuwa jicho la shoferi bila kufundishwa. Na viti vya mbele vikiwa na watu wawili waliobanana, hata jicho hilo linazibwa. Taa nazo zilitengenezwa kwa nchi ya kupita kushoto: mwanga wake wa chini unaelekea kushoto kidogo, yaani machoni mwa anayekuja. Usiku, gari lenye taa kama hizo humpofusha mwenzake bila shoferi kujua.

Tatu, ni breki. Mbele kuna diski, nyuma kwa aina nyingi za kawaida kuna ngoma. Zilihesabiwa kwa gari la takriban kilo 1,100 pamoja na watu watano na mizigo yao ya kawaida. Watu watano wa kilo 65 ni kilo 325. Watu tisa ni kilo 585. Hizo ni kilo 260 zaidi kabla ya kuweka gunia la maharage, na bado shoferi anatarajia breki zile zile zimsimamishe kwenye mteremko wa kushuka Sake. Tena maji ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, yanachemka haraka breki zikipata moto, na mguu wa shoferi unazama mpaka chini bila gari kusimama. Watu wanasema breki zimekataa. Hazikukataa kwa ghafla. Ziliomba msaada kwa miezi mingi.

Nne, ni usalama wa ndani. Matoleo ya mwisho mengi yalikuja na mifuko ya hewa ya kumlinda mtu gari likigonga. Baada ya miaka zaidi ya 20 na mafundi wengi, si kitu cha kutegemea. Kinachobaki ni mkanda. Mbele mara nyingi upo. Nyuma mara nyingi umefukiwa chini ya kitambaa cha kiti, kwa sababu hakuna mkanda wa kumfunga mtu aliyepakatwa.

Ukipanga makosa hayo manne, utaona jambo moja. Usukani kulia na urefu mdogo wa gari haviwezi kubadilishwa kwa urahisi. Lakini uzito, maji ya breki, mikanda na uamuzi wa kutopita mahali pasipopitika viko mikononi mwa watu. Na kati ya hivyo vyote, uzito ndio unaoharibu vingine.

HESABU YA SHOFERI

Hapa ndipo wengi wanapomlaumu shoferi na kumaliza maneno. Ni tamaa, wanasema. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukitaka kujua uzito wake, ubebe.

Shoferi wengi si wenye magari. Gari ni la mtu mwingine, na kila jioni shoferi lazima ampelekee pesa iliyokubaliwa, gari lijae au lisijae. Baada ya hapo kuna mafuta, ambayo bei yake hupanda kila njia inapofungwa. Kuna garaji. Kuna mipira inayoliwa na mawe. Halafu kuna barieri.

Chukua mfano mdogo. Gari lina watu watano, kila mmoja ametoa nauli moja. Nauli mbili zikiingia kwenye mafuta, moja na nusu kwa mwenye gari, na moja kwa mipira na garaji, imebaki nusu ya nauli ya kulisha nyumba ya shoferi. Hapo hajakutana na kamba iliyofungwa barabarani. Ikiwa njiani kuna kamba tatu na kila moja inataka kitu, nusu ile imekwisha na deni limeanza. Shoferi anaangalia nyuma, anaona mama na mtoto wanaongojea, anasema: sogeeni kidogo. Abiria wa sita ameingia. Pesa yake haikuingia mfukoni mwa shoferi. Imelipa barieri.

Hii si hadithi ya barabara moja. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilitoa ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na ikahesabu karibu 800. Vingine vilikuwa vya makundi yenye silaha, vingine vya watu waliovaa sare ya serikali. Tangu wakati huo walioshika kamba wamebadilika mahali pengi, lakini kamba yenyewe imebaki. Mkulima anajua, mwenye Fuso anajua, na hata mwanamke anayebeba ndizi kichwani anajua.

Kuna malipo ambayo sheria inayatambua. Kongo ilianzisha mfuko wa kutunza barabara, FONER, mwaka 2008, na msafiri anapolipa peaji anatakiwa kuona pesa hiyo ikirudi kwa njia ya jembe na changarawe. Mtu hawezi kukataa peaji inayoziba mashimo. Anachokataa ni kulipa mara nne kwa njia moja na kukuta shimo la mwaka jana limekuwa ziwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Barabara ya Mweso imekwisha fika kwenye ukuta.

Shimo nalo linaingia kwenye hesabu ile ile. Linavunja resori, linachakaza rotili, kile kifundo kinachoshikilia gurudumu na usukani, na linapunguza mwendo mpaka safari mbili za siku zinakuwa moja. Shoferi aliyepoteza safari ya pili anaitafuta ndani ya safari ya kwanza, kwa kuongeza watu. Kwa hiyo shimo na kamba vinafanya kazi moja: vinaongeza abiria kwenye kiti cha nyuma.

WANAOTAKA MARUFUKU

Wapo wanaosema kwamba hata kama hayo ni kweli, dawa fupi ni kuyaondoa magari yote ya zamani, na kuleta mapya. Wana hoja, na hoja yao haifai kudharauliwa. Mji wenye pesa na lami unaweza kufanya hivyo. Nchi jirani zimeweka mipaka ya umri, na mipaka hiyo imesaidia.

Lakini marufuku yakiwekwa hapa leo, nani atabaki barabarani? Jeep na lori vitabaki, na nauli yao itapanda kwa sababu mshindani ameondoka. Pikipiki zitabaki, na mama mwenye uchungu wa kuzaa atapandishwa katikati ya motari na shangazi yake, usiku, kwenye matope. Hospitali kuu ya Mweso inapokea wagonjwa kutoka mbali. Wengi wao tayari wanafika kwa machela, kwa miguu au kwa pikipiki. Gari dogo la zamani, pale linapoweza kufika, ndilo linalompa mgonjwa nafasi ya kulala na paa la kumkinga mvua. Kuliondoa bila kuweka kingine ni kumwambia mgonjwa wa kambini asubiri mpaka nchi itajirike.

Tena gari jipya likiletwa kwenye barabara ile ile, na kamba zile zile, na watu tisa ndani, litakuwa zee kwa miaka michache tu. Maji ya breki yake nayo yatachemka. Na siku vipuri vyake vitakapokosekana, fundi wa hapa hataweza kuchomoa kwenye Corolla. Umri unapimwa kwa mashimo pia, si kwa miaka peke yake.

KINACHOWEZA KUFANYIKA SASA

Kuna mambo ambayo hayangoji Kinshasa wala mkutano wa amani.

La kwanza ni hesabu ya watu. Kila parkingi ina mtu anayepanga magari na zamu zake. Mtu huyo akikataa kuruhusu gari dogo liondoke na zaidi ya watu watano, na akifanya hivyo kwa kila gari bila kuangalia sura, shoferi mwema hatapoteza kwa mwenzake anayejaza. Shoferi mmoja peke yake akipunguza watu anakufa njaa. Wote wakipunguza pamoja, nauli inaweza kukadiriwa upya mbele ya watu, waziwazi. Chama cha shoferi kina nguvu ya kukusanya ada, kwa hiyo kina nguvu ya kusimamia jambo hili pia.

Nauli ikipanda kidogo, maskini ataumia, na hilo lisifichwe. Familia iliyokimbia haina pesa ya kuchezea. Ndiyo sababu hesabu ya watu lazima iende pamoja na hesabu ya kamba. Anayesimamia barabara, yeyote yule na popote alipo, akitoa kamba moja, ameshusha nauli bila kumnyang'anya shoferi. Viongozi wa mitaa, wakuu wa kimila na mashirika ya raia wanapokutana na wenye madaraka, hilo liwe ombi la kwanza, tena kwa hesabu: kamba ngapi, kutoka wapi hadi wapi, na msafiri analipa nini kwenye kila moja. Lawama bila hesabu husahaulika jioni ile ile.

La pili ni breki. Kubadilisha maji ya breki kila miaka 2, kuangalia unene wa vipande vya mbele, kufungua ngoma za nyuma na kutoa vumbi, kutikisa gurudumu kujua kama rotili imelegea. Kazi hiyo haimalizi hata nusu siku kwa fundi anayejua. Mwenye gari anayedai pesa yake kila jioni lazima alipie hayo, kwa sababu gari ni lake na faida ni yake. Na kwenye mteremko shoferi ashushe gia, hata kama gari ni otomatiki: zile alama za 2 na L kwenye kigia ziliwekwa ili injini isaidie kulizuia gari, breki zisiungue.

La tatu ni barabara. Salongo ya Jumamosi haiwezi kujenga lami, lakini inaweza kufungua mtaro. Maji yakipita pembeni, barabara ya udongo hukaa. Yakipita katikati, hakuna jeep itakayosalimika. Vijana wa vijiji vya njiani wanaojaza mashimo na kunyoosha mkono kwa wapitao wanafanya kazi ya kweli. Wangelipwa kutoka kwenye peaji, wangekuwa wafanyakazi wa barabara badala ya kuhesabiwa kama kamba nyingine.

La nne ni la abiria mwenyewe. Anayepanda ana haki ya kuuliza mkanda uko wapi. Ana haki ya kushuka akiona mtu wa nne anasukumwa kwenye kiti cha nyuma, na kudai nauli yake. Mara nyingi abiria hunyamaza kwa sababu ya haraka, au kwa sababu anayesukumwa ni mama mwenye mtoto, na kumkataa kunaonekana kama roho mbaya. Lakini roho nzuri ni kumpisha mama huyo nafasi na kungoja gari linalofuata. Kumpakata katikati ya watu wanane kwenye mteremko si wema kwake wala kwa mtoto.

Carina ilichorwa kwa ajili ya baba wa familia aliyetaka kufika kazini na kurudi. Imefika mbali kuliko alivyofikiri yeyote kiwandani, na imebeba watu ambao waliichora hawakuwahi kuwawazia. Siku yake ya mwisho itafika, kwa kuwa chuma nacho huchoka. Lakini siku hiyo isipangwe na kamba ya barabarani wala na shimo. Kesho asubuhi, gari la kwanza litakapojipanga kwa safari, mpanga magari ahesabu vichwa. Vikifika vitano na shoferi wao, afunge mlango.